Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Paa Letu, Hati Zetu na Mikopo ya Serikali

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu viongozi wa kata na kijiji,
Wenzetu wa kikundi rafiki kutoka Iringa,
Wafadhili na majirani zetu,
Wanachama wenzetu, akina mama,

Wa Mbeya tunawaambia ugonile, na wageni wetu wa Iringa tunawaambia kamwene. Tunajua mmetoka nyumbani usiku kwa baridi hii. Karibuni sana, na uji wa moto upo.

Kikundi hiki tulikianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 22, chini ya mparachichi, na sanduku moja lenye kufuli tatu. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000. Leo mwaka 2025 tuko 30. Sanduku ni lilelile, kufuli moja tu ndiyo tumebadilisha. Habari za hisa, mgao na mashamba ya viazi mtazisoma kwa mweka hazina kwenye kijitabu hiki hiki. Sisi kwenye hotuba hii tumeomba tuseme jambo moja tu, nalo ni nyumba. Tumelichagua kwa sababu katika miaka kumi hii hakuna kitu kilichotuunganisha na kutugombanisha kama bati.

Ndugu Mgeni Rasmi, swali tunaloulizwa na akina mama kila mkutano ni hili: "Mwenyekiti, ule mkopo wa serikali wa nyumba, sisi wa kijijini tumo au hatumo?" Jibu si ndiyo wala hapana. Mlango umekuwa ukihama. Aliyekuwa ndani jana leo yuko nje, na wa nje ameingizwa. Kwa hiyo tumeona tuusimulie huo mlango ulivyohama, ili watoto wetu wakisoma kijitabu hiki wajue.

Sisi wenye umri wa miaka hamsini na kitu tulikuwa watoto wakati wa kuhamia vijijini, miaka ile ya 1973 hadi 1976. Wazee wetu waliacha nyumba zao, huku Iringa wengine wakiacha tembe zao za udongo, wakajengwa kwa mistari kando ya barabara. Hapo ndipo lilipokuja neno "nyumba bora". Serikali ilikuwa na Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na katikati ya miaka hiyo ukawepo mfuko wa nyumba wa wafanyakazi na wakulima, ambao waajiri walikatwa fedha kuuchangia. Sikilizeni jina lake: wafanyakazi na wakulima. Mkulima alitajwa kwa jina lake, si kwa huruma. Ni kweli fedha nyingi ziliishia mjini, maana mjini ndiko kwenye mshahara na karatasi. Lakini kwenye maandishi mtu wa kijijini alikuwemo.

Benki ile ikaelemewa na mikopo isiyorudishwa, ikafungwa mwaka 1995. Hapo mlango wetu ukafungwa nayo. Wengi wetu ndiyo tulikuwa tumeolewa tu, tunaezeka nyasi, tunasubiri. Tulisubiri sana.

Baadaye zikaja sheria mpya. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya mikopo ya nyumba kwa rehani, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe watu wajenge. Ni jambo jema, hatulibezi. Lakini akina mama, tuseme wazi: mkopo ule unataka hati ya kiwanja kilichopimwa na unataka mshahara unaoonekana kila mwezi. Mama wa viazi ana mshahara mara mbili kwa mwaka, tena bei anapangiwa na mwenye lori. Hakuna aliyeandika "wa kijijini asikopeshwe". Ila ukisoma masharti yote mpaka chini unajikuta hayupo.

Sasa kuna fedha za halmashauri, zile asilimia kumi. Tangu miaka ya 1990 halmashauri zilikuwa zinaelekezwa kutenga fedha za wanawake na vijana. Mwaka 2018 ikawa sheria kabisa: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Hapa kijijini na mjini wote wamo, mradi kikundi kimesajiliwa. Tulishangilia. Lakini mlango huo una kibao chake: fedha ni za miradi ya kuingiza kipato. Kuku, cherehani, mashine, shamba. Nyumba ya kulala haimo.

Na kuna TASAF, ruzuku ya kaya maskini. Awamu ile iliyoanza mwaka 2012 ilifika karibu asilimia 70 ya vijiji, mitaa na shehia. Tunakumbuka uchungu wake: kijiji hiki kimo, kile cha ng'ambo ya mto hakimo, na umaskini ni uleule. Awamu iliyozinduliwa Februari 2020 ikasema vijiji vyote, mitaa yote, shehia zote. Hayo ndiyo mabadiliko mazuri ya mstari tuliyoyaona kwa macho yetu. Ile nayo si ruzuku ya nyumba, ni ya chakula, shule na kliniki. Lakini bibi akipokea, akidunduliza, ananunua bati moja moja. Pita uone.

Ndugu zetu, hapo sasa tunafika mahali ambapo ni vigumu kusema, lakini tulikubaliana kwenye mkutano kwamba tuseme, na mwenyewe amekubali.

Mwaka 2021 tulipata mkopo wa halmashauri, shilingi milioni 6, kwa wanachama kumi, kila mmoja 600,000. Kwenye fomu tuliandika ufugaji wa kuku. Mwenzetu mmoja, mjane, upepo ulikuwa umemng'olea paa lote mvua zikiwa katikati. Watoto wanne wanalala jikoni. Akachukua zile 600,000, akanunua bati 20 kwa 24,000, ikawa 480,000. Zile 120,000 zilizobaki zikaenda kwa mbao, misumari na fundi. Kuku hakununua hata mmoja. Na sisi viongozi tulijua. Tuliweka saini tukijua.

Alitakiwa kurudisha 50,000 kila mwezi kwa miezi 12. Akalipa miezi minne kwa viazi vyake, akakwama. Siku afisa alipokuja kukagua mabanda, tulimpeleka kwa jirani akaangalie kuku wa jirani. Jamani, ile siku hatutaisahau. Tulikuwa akina mama watu wazima tunaongozana nyuma ya kijana mwenye daftari, tunamdanganya, na watoto wanatutazama. Jioni tulikaa bila kuongea.

Kesho yake tukaitisha kikao. Wapo waliosema afukuzwe. Wapo waliosema bati zing'olewe ziuzwe. Mama mmoja mkubwa akasimama akauliza, "Tuking'oa, tutalala wapi na dhambi hiyo?" Basi tukakubaliana kulipa deni. Mfuko wa jamii ukatoa 110,000, na sisi 29 tukatoa 10,000 kila mtu, jumla 290,000. Zile 400,000 zikapatikana, halmashauri ikalipwa yote. Tukaenda pia kumwambia afisa ukweli. Alitugombeza, na tulistahili.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Yule mwenzetu tulimwambia aturudishie sisi kidogo kidogo. Akalipa 20,000 kila mwezi. Miezi 20. Hakuruka hata mmoja, hakuna aliyemfuata nyumbani.

Hapo ndipo tulipofunguka macho. Kumbe mama yule hakuwa mdaiwa mbaya. Alishindwa kalenda. Kuku anaweza kulipa deni ndani ya mwaka kwa sababu anataga. Bati halitagi. Bati linazuia mvua, linaokoa magunia ya mahindi yasioze, mtoto haumwi kifua kila Juni, na kutokana na hiyo nafuu ndipo mama anapata cha kulipa, lakini polepole. Tulimpa mkopo wa kuku kwa kazi ya paa, halafu tukamlaumu. Kosa letu lilikuwa mawili: tulidanganya, na tulichanganya pesa za miezi 12 na kazi ya miezi 20.

Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo ya asilimia kumi nchi nzima ili ipange utaratibu upya, maana fedha nyingi hazikurejeshwa na vikundi vingine vilikuwa hewa. Hatukulalamika kwa sauti kubwa. Tulijua na sisi tulikuwa na kidole humo. Mikopo ikarudi mwaka 2024 na kanuni mpya. Lakini kile kipindi cha kufungwa kilitufundisha. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Julai 2023 tukaanzisha mfuko wetu wa paa. Kila mwanachama 5,000 kwa mwezi, yaani 150,000 kwa wote. Mkopo mmoja ni 500,000, unarudishwa 25,000 kila mwezi kwa miezi 20, bila riba, ila mkopaji anatoa 10,000 kwa mfuko wa jamii. Hatutoi pesa mkononi. Mweka hazina na wanachama wawili wanakwenda naye dukani, bati zinahesabiwa, risiti inabandikwa kwenye daftari. Mpaka leo paa kumi zimeezekwa. Ni haba na haba, lakini ukisimama kanisani pale juu utaziona zinang'aa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tungependa tuishie hapo kwa vigelegele. Lakini liko la hati, na hili ndilo linatuweka roho juu.

Mnafahamu kwamba Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilitungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Sheria ya vijiji inasema hati ya hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hati ya mjini, na mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Mikoa yetu ilitangulia katika jambo hili. Mbozi, wakati ule ikiwa Mkoa wa Mbeya kabla ya kwenda Songwe mwaka 2016, ilikuwa ya mwanzo kabisa kujaribu hati hizi. Na wenzetu wa Wilaya ya Iringa, kwenye mradi uliofadhiliwa na Marekani kati ya 2016 na 2021, walipimiwa mashamba kwa simu za mkononi, na karibu nusu ya wenye majina kwenye hati zile ni wanawake. Wageni wetu wa leo wamo. Wametuletea hati zao tuzione. Wengine tulizishika kama tunashika mtoto mchanga.

Hapa kwetu wanachama 19 wanakaa kijijini hasa. Wanachama 11 wanakaa kule barabarani, ambako eneo sasa limeingizwa kwenye mipango ya mji. Barabara ni moja, maharage tunapanda yaleyale, maji tunachota bomba lilelile. Lakini kwa karatasi sisi ni watu wa milango miwili.

Yule wa kijijini anakwenda halmashauri ya kijiji, anaomba hati ya kimila, majirani wanashuhudia mipaka. Akiipata, anayo haki kamili. Ila akienda nayo benki, mara nyingi benki inasitasita, maana ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mtu wa nje bila kijiji kukubali, na benki inajiuliza, huyu akishindwa tutamuuzia nani?

Yule wa barabarani, halmashauri ya kijiji haina tena mamlaka ya kumpa hati ya kimila. Anatakiwa kupimiwa kiwanja, kulipia upimaji na ada, apate hati miliki, kisha alipe kodi ya ardhi kila mwaka. Akiipata, benki inamsikiliza zaidi. Lakini mpaka aipate hana hiki wala kile. Wenzetu 11 wako hapo katikati. Mstari uliwavuka wamelala. Waliopita njia hii kabla yetu kule Mbalizi, Rujewa na Ilula wanajua tunachosema: mji unapokuja, aliye na karatasi anapanda thamani, asiye na karatasi anasogezwa.

Na ndani ya hao 11 kuna saba ambao hata huo upimaji ukija, jina litakaloandikwa ni la mume, au la shemeji kwa wajane. Akina mama, hapa hatuna wa kumlaumu serikalini. Hapa ni nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza nyumba ya familia kuwekwa rehani au kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Hiyo ni ngao. Lakini ngao iliyowekwa kabatini haimkingi mtu. Mama ameezeka bati 20 kwa jasho lake, kwa mkopo wa wenzake, juu ya kiwanja ambacho jina lake halipo. Shemeji akija na karatasi, bati zinaondoka na ukuta. Tumeliona likitokea, si kwa kusimuliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza mwaka wa kumi na moja, kamati yetu inaleta kwenu wanachama mambo matatu ya kupigiwa kura mkutano ujao. Tunayaandika hapa ili kila mtu aende nayo nyumbani, ayatafakari, ayazungumze na baba watoto.

Mosi, mkopo wa paa utolewe kwa mwanachama ambaye jina lake lipo kwenye hati au kwenye maombi ya hati, peke yake au pamoja na mume. Ambaye bado, alete barua ya makubaliano ya familia, yenye saini za mashahidi na ya mwenyekiti wa kitongoji au mtaa. Tunajua sharti hili litawauma wachache. Wapo wanaosema tunaingilia ndoa za watu. Tumelitafakari hilo. Lakini pesa ya kikundi ni ya akina mama 30, na hatuwezi kuijengea nyumba ya shemeji.

Pili, pesa ya kuku iwe ya kuku. Tukikopa tena halmashauri, kila kilichoandikwa kwenye fomu kionekane bandani. Kiongozi atakayeweka saini akijua si kweli, ajiuzulu. Na hilo linatuhusu sisi wa mbele hapa kwanza.

Tatu, wale 11 wapimiwe kwa pamoja. Mtu mmoja mmoja gharama inamshinda, wengi wakipimiwa kwa mkupuo inashuka. Mfuko wa paa usimame miezi mitatu, zile 150,000 za kila mwezi ziende kwenye upimaji, nao wazirudishe kama mkopo wa paa unavyorudishwa. Tunajua wapo wanne wa kijijini ambao zamu yao ya bati imefika na watasubiri masika nyingine. Kwao tunaomba kwa unyenyekevu. Tusipofanya hivyo sasa, tutakuwa tumeezeka paa za watu watakaohamishwa.

Kwa wafadhili na majirani zetu, hatuombi pesa leo. Tunaomba mwenye ujuzi wa sheria aje siku moja akae na sisi, na mwenye mashine ya kuchapa atusaidie barua za familia. Wenzetu wa Iringa tunawaomba mtume akina mama wawili waje waelezee wanaume wetu jinsi kwenu baba na mama walivyoandikwa pamoja na nyumba haikuanguka.

Na kwako Ndugu Mgeni Rasmi, utufikishie mawili huko juu. La kwanza, mahali panapotaka kubadilishwa kutoka kijiji kuwa mji, watu waelezwe kabla: hati gani itafaa, nani atakayeitoa, na bei gani, ili mtu asilale mwanakijiji akaamka hana pa kushika. La pili, kama siku moja masharti ya mikopo yataangaliwa tena, iwepo nafasi ndogo ya kikundi kukopa kwa ajili ya paa na msingi, na muda wake uwe wa paa, miezi 20 au 24. Daftari letu lipo hapa mezani. Paa kumi, na hakuna aliyeruka mwezi. Lifungue, ulisome, uwaonyeshe.

Mwisho, tunamshukuru yule mwenzetu aliyekubali habari yake isemwe. Amekaa mstari wa pili, na ndiye tuliyemchagua mwaka jana kushika ufunguo mmoja kati ya zile tatu. Anajua uzito wa deni kuliko sisi wote, na tangu ashike ufunguo ule hesabu haijawahi kupungua hata shilingi hamsini.

Akina mama, tukutane mkutano ujao, kila mtu na kura yake. Njooni mapema, na mje mmeshazungumza nyumbani.